Uso kwanza: majibu ya maswali yenu ya kamera, lenzi na taa

Barua za safari hii ni nyingi, na karibu zote zimetoka kwa vijana wanaoshuti filamu fupi wikendi kwa kamera ya kuazima au kwa simu. Nimefurahi mno. Kwa anayefungua ukurasa huu mara ya kwanza: mimi ni mpiga picha za video hapa Tanga. Kwa miaka kumi na saba nimeshuti shughuli za wanawake, kule ambako kameramani mwanamume haingii. Taa nimejifunza kwenye vyumba vidogo vyenye wanawake hamsini, dhahabu, hina na balbu moja darini. Filamu nilianza baadaye, na vijana wa mtaani kwangu, siku za Jumapili. Majibu yangu basi ni ya mtu asiye na studio, nikiamini na wewe huna.

Shikamoo fundi. Tulishuti sini ya mama na binti jikoni usiku, chini ya taa ya tyubu. Kwenye simu tuliona iko sawa. Tulipoihamishia kwenye kompyuta tukakuta mistari myeusi inapanda polepole kwenye picha nzima. Je, simu imeharibika? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Simu yako ni nzima. Unachokiona ni taa inavyopumua.

Umeme wetu, Tanzania na majirani zetu, ni wa hezi 50. Taa ya tyubu ya zamani, na balbu nyingi za LED za bei rahisi, hupanda na kushuka mwanga mara 100 kwa sekunde. Jicho halishtuki, ila kamera inaona, kwa sababu haisomi picha yote kwa mpigo mmoja. Inasoma mstari baada ya mstari, kutoka juu kwenda chini. Shata ni muda ambao kila mstari unapokea mwanga. Ikiwa 1/60 ya sekunde, kila mstari unapata pigo moja la mwanga na kipande cha pigo la pili, na kipande hicho hakilingani baina ya mstari na mwenzake. Ndiyo hayo mawimbi ya giza. Shata ikiwa 1/50, kila mstari unapata mapigo mawili kamili. Ikiwa 1/100, unapata pigo moja kamili. Hapo mistari inaondoka yenyewe.

Simu nyingi hurekodi fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde na shata inajichagulia. Tafuta programu inayokuruhusu kuifunga. Blackmagic Camera ni ya bure, ipo ya iPhone na ipo ya Android, ingawa si kila simu ya Android inakubali. Weka fremu 25, shata 1/50, funga, usiiguse tena mpaka sini iishe. Kwa wenye kamera, ingieni kwenye menyu mbadilishe mfumo wa video wa NTSC uwe PAL, ule wa nchi zenye umeme kama wetu, na fremu 25 zitajitokeza. NTSC ni ya nchi kama Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60, na kamera zinazoletwa na ndugu kutoka huko mara nyingi hufika zikiwa zimewekwa hivyo.

Na pangaboi. Kama taa iko juu ya mapanga yake, yanakata mwanga kila yanapopita, na hilo halina shata ya kulitibu. Zima pangaboi. Najua joto la jikoni. Washa baina ya teki na teki, mpe mwigizaji kitambaa ajifute, halafu zima tena.

Asalaam alaikum mama. Mwigizaji wetu mkuu ni mdogo wangu, ni mweusi sana. Kwenye sini amevaa kanzu nyeupe, amekaa mbele ya ukuta mweupe. Kanzu inaonekana, ukuta unaonekana, yeye haonekani ila macho na meno. Mwenzangu anasema tumpake poda au tutafute mtu mweupe kidogo. Tufanyeje? (Msomaji, Lindi)

Wa alaikumu salamu. Usimbadilishe mwigizaji, na hiyo poda mwiache kabisa. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu swali hili nimeletewa kuliko yote, na kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kulikosea mbele ya mzazi.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Bibi harusi alikuwa mweusi tii, mzuri, amevaa gauni jeupe, amekalishwa mbele ya pazia jeupe lenye vitaa. Niliiacha kamera ijipimie mwanga. Baada ya wiki mbili nikapeleka DVD nyumbani kwao, tukakaa sebuleni kuitazama. Gauni lilionekana mpaka ushanga mmoja mmoja. Mama yake alitazama kimya, kisha akaniuliza, "Na mwanangu yuko wapi?" Sikuwa na jibu. Usiku ule ndipo nilipokifungua kitabu cha kamera na kuanza kukisoma ukurasa kwa ukurasa.

Kamera haijui uso, haijui pazia. Kipimo chake kimetengenezwa kuamini kwamba ukivichanganya vyote vilivyomo kwenye fremu utapata kijivu cha katikati, kile kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Ukiijazia nyeupe tupu, inadhani mwanga umezidi, basi inapunguza. Ukuta unashushwa kuelekea kijivu, na uso wa mdogo wako, uliokuwa chini ya kijivu tangu mwanzo, unashushwa nao hadi gizani.

Na jambo hili lina historia. Enzi za filamu ya mkanda, Kodak ilikuwa ikipelekea maabara za kusafisha picha kadi yenye sura ya mwanamke mzungu. Mafundi waliiita kadi ya Shirley, na rangi zilirekebishwa mpaka ngozi ya Shirley ikae sawa. Ngozi nyingine zilifuata tu. Waliofanya kazi kiwandani humo wamesimulia kwamba kilichowasukuma kuboresha rangi za kahawia kilikuwa zaidi malalamiko ya watangazaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao hazikutofautishika pichani. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Kamera za leo zinauona weusi wetu vizuri kabisa ukiziambia zitazame wapi. Nimekuletea habari hii ili mdogo wako ajue kwamba hana kasoro, na wewe ujue kwamba kumpimia mwanga ni kazi yako.

Sasa tuingie kazini. Toa kamera kwenye oto, pima uso peke yake. Kama kamera ina pundamilia, ile mistari inayotokea juu ya sehemu zilizofikia kiwango fulani cha mwanga, iwashe. Kwa mtu mweusi mimi hutaka sehemu ya shavu iliyopata mwanga zaidi ifike kati ya asilimia 45 na 55. Kwa maji ya kunde hupandisha hadi 60. Uso ukishafika hapo na kanzu ikawa imeungua, usiurudishe uso gizani. Ishughulikie kanzu.

Kwanza mwondoe ukutani. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukiwa mara mbili, unabaki robo, ukiwa mara tatu, inabaki sehemu moja ya tisa. Funga madirisha, mketishe mdogo wako mita mbili kutoka ukutani, taa iwe mita moja kutoka usoni kwake. Ukuta utakuwa mita tatu kutoka kwenye taa, kwa hiyo utapata sehemu moja ya tisa ya mwanga anaoupata yeye. Ukuta uleule mweupe utakuwa kijivu laini pichani na uso utasimama mbele yake. Hujapaka rangi wala hujahama nyumba, umesogeza kiti tu.

Pili, kanzu. Tafuta kuukuu, uichovye kwenye chai ya rangi iliyopoa, uikamue, uianike. Itakuwa ya rangi ya maziwa. Pichani mtazamaji ataisoma kuwa nyeupe, na haitashindana na uso. Halafu chukua kipande cha boksi, kisimamishe mbele ya sehemu ya chini ya taa, kivuli chake kiangukie kifuani. Uso unabaki na mwanga wote, kanzu inapumzika.

Tatu, na hapa naomba unisikilize sana. Ngozi nyeusi haitaki kumwagiwa mwanga mwingi kutoka mbele. Ni kama maji ya kisima: unachokiona juu yake ni kile kinachoakisiwa. Taa ndogo kali itaacha kidoa kimoja kwenye paji la uso, kwingine giza. Kitu kikubwa cheupe kitatandaza mng'ao mrefu kwenye shavu, kwenye mfupa wa taya, pembeni mwa shingo. Jumapili iliyopita nilifanya hivi na kijana wetu mmoja. Tulimkalisha kwenye mkeka karibu na mlango wa uani, tukatundika shuka jeupe la kitanda cha futi sita mlangoni, jua likapiga shuka kwa nje. Akageuza uso kidogo kuelekea kwenye shuka. Ukaonekana mstari wa mwanga umeshuka kutoka kwenye nyusi hadi kidevuni, ukaonekana mshipa wa shingo unavyocheza alipomeza mate kabla ya kusema neno lake. Nilikuwa sijaona mshipa ule kwa macho yangu mpaka nilipoutazama kwenye kioo cha kamera. Sini nzima ilikuwa pale.

Mpakeni mafuta ya nazi kidogo, kwa ncha za vidole, kwenye mifupa ya mashavu na juu ya pua. Poda inaua huo mng'ao, ndiyo maana nimekuambia mwiache.

Niko na kamera ya Canon ya sensa ya APS-C na ile lenzi yake ya 18-55. Kila mtu ananiambia ninunue 50mm f/1.8. Nimeweka akiba ya lenzi moja tu. Ninunue? (Msomaji, Mombasa)

Ndugu yangu, kwanza pima chumba chako.

Sensa ya kamera hiyo, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ina upana wa milimita 22 na ushei. Namba ya lenzi ni ya milimita: ikiwa kubwa, lenzi inaona sehemu nyembamba zaidi. Ukiweka lenzi ya 50 na ukasimama mita tatu kutoka kwa mwigizaji, fremu yako inaona upana wa mita 1.3 tu. Watu wawili kwenye kochi ni wa kubanana. Kwa 35 unaona mita 1.9. Kwa 24 unaona mita 2.8. Vyumba vyetu vingi ni mita tatu kwa tatu, na humo kuna kitanda na kabati. Ukiwa na 50 peke yake, mgongo utakuwa ukutani na bado utakuwa na vichwa tu, hakuna chumba.

Wanaokusifia 50 wana sababu. Lenzi yako ya 18-55 ikifika 55 inafunguka hadi f/5.6 tu, ile nyingine inafunguka f/1.8, yaani inapokea mwanga karibu mara kumi (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa). Usiku hiyo ni tofauti ya kushuti na kurudi nyumbani. Kwa uso wa karibu ni lenzi nzuri mno, na bei yake ni ndogo kuliko nyingine zote za aina yake. Lakini angalia na hili: kwa mita moja, ukiwa f/1.8, kilichomo kwenye fokasi ni unene wa sentimita tatu hivi. Mwigizaji akiinamisha kichwa, jicho moja linabaki, la pili limepotea. Wanaoanza hupenda ile nyuma yenye ukungu, kisha wanarudi nyumbani na teki kumi zisizo na jicho. Funga hadi f/4, utapata sentimita sita. Mwigizaji atapumua, nawe utapumua.

Fanya hivi kabla hujatoa pesa. Gundisha selotepu kwenye ile 18-55, ikae 24 wiki moja, wiki ya pili 35, ya tatu 50. Shuti mambo yaleyale: mtu anakula, wawili wanazungumza, mtu anaingia mlangoni. Namba ambayo hukuitamani kuibandua ndiyo lenzi yako. Mimi na vyumba vyangu vya harusi nilitulia kwenye 35, na sijajuta.

Na ukiwa bado na hiyo ya zamani, usivute zumu katikati ya shoti. Inaanza f/3.5 na kuishia f/5.6, kwa hiyo picha inaingia giza ukiwa unavuta, na mtazamaji anahisi kitu kimeharibika bila kujua ni nini.

Ratiba yetu inaturuhusu saa sita hadi saa nane mchana tu, nje, sokoni. Inawezekana? (Msomaji, Dodoma)

Inawezekana, ila si katikati ya uwanja. Kwenu jua linafika juu kabisa karibu saa sita na nusu, na mapema Machi na mapema Oktoba linapita utosini hasa. Mwanga wa utosini hujaza kivuli kwenye matundu ya macho, na sini ni macho. Waingize waigizaji chini ya turubai la muuza nyanya, hatua moja ndani ya kivuli, nyuso zikitazama nje. Vumbi jeupe la barabarani litakuwa rifulekta yenu. Ukiwalazimisha kusimama juani, wawili washike shuka jeupe juu ya vichwa vyao, nje ya fremu.

Shata itakushinda mchana huo. Kwa ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kwa mwanga) juani, ukitaka 1/50 na apecha, yaani tundu la lenzi, f/2.8, una mwanga wa kuzidi kiasi cha stopu sita, na kila stopu ni mara mbili ya mwanga. Dawa ni filta ya ND64, kioo cheusi cha mbele ya lenzi kinachopunguza mwanga mara 64. Zile za kuzungusha za bei rahisi, ukizizungusha mpaka mwisho, huleta msalaba wa giza katikati ya picha, kwa hiyo zirudishe nyuma kidogo. Ukiipandisha shata hadi 1/1000 ili kukwepa filta, watu watatembea kwa kukatika-katika kama mapigo ya ngoma. Kama sini si ya kupigana, usifanye.

Shikamoo. Filamu yetu ina sini ndefu ya bibi anasimulia hadithi usiku kwa koroboi. Tukizima taa za umeme kamera haioni kitu, picha inajaa chengachenga. Tukiwasha, koroboi inakuwa pambo tu. (Msomaji, Kigoma)

Marahaba, na hongereni kwa sini hiyo. Koroboi ya kweli peke yake, kwa lenzi ya f/1.8 na ISO 1600, inataka uso uwe shubiri moja tu kutoka kwenye utambi. Bibi hawezi kusimulia hivyo, atakohoa. Kwa hiyo koroboi iwake, iwe ushahidi wa macho, na kazi ya mwanga ifanywe na balbu iliyofichwa.

Nunua balbu ya LED ya wati 5 au 7 yenye maandishi ya kelvini 2700 (kipimo cha rangi ya mwanga) kwenye boksi. Usichukue ile ya 6500, ambayo ndiyo imejaa madukani kwetu. Hiyo ni bluu ya mchana. Iweke upande uleule wa koroboi, chini ya usawa wa fremu, nyuma ya chungu au ndoo. Mwali wa mafuta ya taa ni mwekundu zaidi ya 2700, kwa hiyo zungushia karatasi ng'avu ya rangi ya chungwa, zile za kufungia zawadi, kwa mbali kidogo ili isiguse balbu. Rangi ya kamera iweke mwenyewe kwenye 3200 au juu kidogo. Ukiiacha oto, itajitahidi kuifanya chungwa yote iwe nyeupe, na usiku wa bibi utakuwa mchana wa ofisi.

Mwanga utoke chini, upande mmoja, basi. Upande wa pili wa uso uache giza. Nyuma ya bibi, mbali, weka kitu kimoja tu chenye mwanga mdogo: upenyo wa mlango, kioo cha kabati, mtungi. Giza lisilo na kitu ndani yake linaonekana kama kosa. Giza lenye mtungi nyuma linaonekana kama nyumba. Msijaribu kupunguza balbu kwa swichi ya kuzungusha ya bei rahisi, itarudisha ile mistari niliyomweleza mwenzenu wa Morogoro. Isogezeni mbali au ongezeni karatasi. Mtu mmoja akae chini karibu na balbu, apitishe vidole viwili mbele ya balbu taratibu, mara moja moja, pale bibi anapovuta pumzi, ili mwanga utikisike kama mwali. Jaribuni kabla kwa dakika tano bila bibi kuwepo, msimchoshe.

Na kama mtavuta waya wa upanuzi wenye gurudumu kutoka nyumba ya jirani, ukunjueni wote hata kama mnahitaji mita tatu tu. Waya uliozongwa kwenye gurudumu huku ukibeba taa kubwa za moto unapata joto mpaka plastiki inayeyuka. Nimeiona ikinuka na kutoa moshi kwenye chumba kilichojaa watoto waliolala.

Shati la mwigizaji linachezacheza rangi za upinde wa mvua. (Msomaji, Arusha)

Ni mistari myembamba ya kitambaa inayogongana na vitone vya sensa. Mvue shati. Kama haiwezekani, sogea karibu au rudi nyuma hatua moja, mchezo huo hubadilika kwa umbali. Vikoi vya mistari mipana na khanga za maua makubwa havina shida hiyo.

Kamera yangu ina S-Log, ile namna ya kurekodi picha iliyofifia ili uirekebishe wakati wa kuhariri. Wote mtandaoni wanasema ndiyo siri ya picha za sinema. (Msomaji, Mwanza)

Tazama kwanza kama inarekodi bit 8 au bit 10. Bit 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi, bit 10 ina 1024. Log inazibana hizo ngazi, nawe unazitanua tena wakati wa kuhariri. Ukiwa na 256 tu, anga na mashavu hupasuka vipande vipande. Kwa bit 8 tumia picha ya kawaida, punguza konstrasti kidogo, na tia nguvu kwenye kupima mwanga wa uso.

Shikamoo mwalimu. Lenzi yangu imeota kama utando wa buibui ndani. Nimefuta nje lakini hautoki. Na nikitoka kwenye kumbi zenye kiyoyozi inaingia ukungu. Ni tatizo moja? (Msomaji, Unguja)

Marahaba, na pole. Ni matatizo mawili, ila mama yao ni mmoja: unyevu wa pwani.

Utando huo ni kuvu. Nilipoteza lenzi yangu ya kwanza hivyo, ile niliyoinunua kwa pesa za mchezo ilipofika zamu yangu. Niliitunza, nilivyodhani, ndani ya mfuko wake wa ngozi, kabatini, masika yote. Nilipoitoa Juni nikaielekeza dirishani nikaona nyuzi nyeupe zimejitandaza kutoka ukingoni kwenda katikati, nyembamba kama mizizi ya mche. Fundi aliifungua akasafisha nyuzi, lakini kuvu hutoa asidi, na asidi ilikuwa imeshakula ile rangi nyembamba iliyopakwa juu ya kioo. Mpaka leo, kila taa inayoielekea lenzi ile inavimba.

Yako mpelekee fundi sasa, usingoje. Iweke mbali na lenzi nyingine. Kisha nunua kontena la plastiki la chakula, lile lenye mpira mfunikoni, na silika jeli ya punje zinazobadilika rangi. Weka humo kipimo kidogo cha unyevu, kisome kati ya asilimia 40 na 50. Huku pwani hewa ya kawaida huwa juu ya 70 siku nyingi. Silika ikibadilika rangi, ikaange kwenye sufuria kavu, moto mdogo, mpaka irudie rangi yake. Mchele wengi wanautumia. Una unga, na unga unaingia kwenye pete za lenzi. Mfuko wa ngozi usihifadhie kitu, ngozi inashika maji.

Ukungu wa kumbini ni jambo jingine. Kioo kimepoa ndani ya kiyoyozi, unakitoa nje kwenye hewa ya moto yenye maji, na maji yanatulia juu yake kama kwenye chupa ya soda. Usifute, utayasukuma ndani. Kabla ya kutoka ukumbini, ukiwa bado ndani kwenye baridi, tia kamera kwenye mfuko wa plastiki, funga kabisa, ndipo utoke. Maji yatatulia kwenye plastiki. Ngoja kama nusu saa mpaka chuma cha kamera kisiwe baridi mkononi. Mimi huwaambia wenye shughuli mapema: bibi harusi akitolewa nje saa tatu usiku, mimi natoka saa mbili na nusu, nakaa uani na mfuko wangu mapajani. Wameshazoea, wananiletea na kahawa.